Uniti Zinakimbia Msimu wa Baridi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuilaumu Mita

Kuanzia Juni hadi Agosti, uwe Njombe, Makete, Mufindi au Mbeya, na hata Arusha na Lushoto, lalamiko ni moja: umeme uliokuwa ukitosha mwezi mzima sasa haufiki tarehe 20. Taa ni zile zile, televisheni ni ile ile, hakuna aliyenunua friji jipya, basi lawama zote zinaangukia mita. Mara nyingi mita haina kosa. Kilichobadilika ni ubaridi wa maji yanayotoka bombani.

Chukua ndoo ya lita 20. Maji yakiwa na nyuzi 27, kama yalivyo Dar es Salaam, yanahitaji uniti (kilowati-saa) 0.3 kufika nyuzi 40 za kuogea. Yakitoka bombani yakiwa na nyuzi 14, ndoo hiyo hiyo inakula uniti 0.6. Nyumba ya watu watano, kila mmoja ndoo moja kwa siku, ni uniti 90 kwa mwezi kwa kuoga tu. Bado hujachemsha chai.

Ndiyo maana kuzima taa ya koridoni hakukusaidii kitu msimu huu. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha, saa 12, inakula uniti 0.1. Fuata maji kwanza, kisha hita ya chumbani, halafu vingine.

Pima kabla ya kukisia

Mita nyingi za LUKU, zile za TANESCO za kulipia kabla ya kutumia, zina taa ndogo nyekundu inayopiga kadiri umeme unavyotumika. Pembeni yake pameandikwa namba na herufi imp/kWh, kwa mfano 1000 au 1600. Namba hiyo ndiyo idadi ya mapigo kwa uniti moja. Hesabu mapigo ndani ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawa kwa namba ya kwenye mita. Unapata kilowati zinazotumika wakati huo huo. Mita ya 1000 ikipiga mara 33 kwa dakika, unatumia karibu kilowati 2, yaani kuna hita imewaka mahali.

1. Zima kila kitu na chomoa plagi zote, likiwemo friji.
2. Tazama taa kwa dakika tano. Ikinyamaza au ikipiga mara moja moja sana, endelea. Ikiendelea kupiga kwa mfululizo, ruka hadi sehemu ya mwisho.
3. Washa kifaa kimoja kimoja, hesabu mapigo, andika. Hita iliyoandikwa wati 1,000 ambayo kwenye mita inaonyesha 1,800 utaijua hapa. Za sokoni zenye lebo ya uongo si chache.

Kipimo cha pili ni cha usiku. Soma uniti zilizobaki saa tatu usiku mkienda kulala, soma tena saa kumi na mbili asubuhi kabla hakujawashwa kitu. Nyumba yenye friji la kawaida na king'amuzi haipaswi kuzidi uniti 1 kwa saa hizo tisa. Ikizidi, kuna kitu kinakesha.

Unanunua kwa pesa ile ile, unapata uniti pungufu

Hapa hakuna kilichoharibika, ni hesabu ya bei. Kwa viwango vya EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, vilivyoanza 2016, mteja wa kundi la D1 (nyumba yenye matumizi madogo) hulipa shilingi 100 kwa kila uniti kati ya 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) hulipa 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA 1. Ukijumlisha, uniti ya D1 inakuwa shilingi 122, inayovuka 75 inakuwa 427, na ya T1 inakuwa karibu 356.

Sasa angalia shilingi 10,000 inavyobadilika sura. Mteja wa T1 anapata uniti 28. Mteja wa D1 anayenunua kwa mara ya kwanza mwezi huo anapata karibu 77. Mteja huyo huyo akirudi tarehe 18 na 10,000 nyingine anapata 23 tu, kwa sababu ameshamaliza uniti zake 75 za bei nafuu. Kipupwe ndicho kinachomvusha mstari huo, na akivuka mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1 moja kwa moja.

Sababu nyingine ni kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa kwenye ununuzi. Usiponunua mwezi mzima, makato ya mwezi uliopita yanakungoja. Soma ujumbe wa tokeni hadi mwisho, makato yote yameandikwa. Mpangaji atunze ujumbe huo, maana kodi hiyo ni mzigo wa mwenye nyumba na inafaa ipunguzwe kwenye pango.

Kwa aliye D1 kuna njia moja safi ambayo wengi hawaitumii. Uniti ukishaziingiza kwenye mita haziozi. Miezi ya Machi, Aprili na Mei, unapotumia 55 au 60, nunua 75 kamili kila mwezi kwa bei ya 122. Ukifika Juni una akiba ya uniti 45 au zaidi ambazo ungezinunua kwa 427. Zidisha, utaona.

Shawa ya umeme inatoa maji ya vuguvugu

Shawa nyingi za papo hapo ni za wati 5,400 hivi. Nguvu hiyo inaweza kupandisha joto la lita 3 za maji kwa dakika kwa nyuzi 26, kutoka 14 hadi 40. Ukifungua maji yatoke lita 6 kwa dakika, yanapanda nyuzi 13 tu, unaoga maji ya nyuzi 27 huku unatetemeka na kuongeza muda. Kipimo chake ni jagi la lita 1 na simu: jagi lijae kwa sekunde 20 hivi. Likijaa kwa sekunde 10, punguza koki ya shawa. Usiikabe mno pia, kwa sababu ndani kuna swichi inayosukumwa na presha ya maji; presha ikishuka sana inakata umeme na maji yanakuwa baridi ghafla.

Kama jagi linajaa kwa muda sahihi na maji bado ni vuguvugu, tazama kitasa cha joto kisiwe kwenye nafasi ya kati. Kisha fikiria umeme wenyewe. Jioni, mtaa mzima ukiwa jikoni na bafuni, volti hushuka. Ikifika 190 badala ya 230, nguvu ya shawa haipungui kidogo kama watu wanavyodhani; inabaki asilimia 68, yaani wati 3,700. Oga alfajiri sana au mchana, au punguza maji zaidi. Volti ndogo haikuibii uniti kwenye shawa, inakuibia muda.

Matundu ya kichwa cha shawa yakiziba kwa ukoko mweupe, maji hutoka ya moto kisha baridi kisha ya moto. Kifungue, kiloweke kwenye siki kwa saa moja, zibua kwa pini.

Dakika 10 za shawa hii ni uniti 0.9. Dakika 7 ni sawasawa na ndoo moja ya moto. Kwa hiyo ubishi wa kipi kinakula umeme zaidi, ndoo au shawa, jibu lake liko kwenye saa: anayemaliza kwa dakika 5 ameishinda ndoo, anayeimba humo ndani dakika 20 amekula ndoo tatu.

Swichi ya shawa ikipata moto au kutoa harufu ya plastiki, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Wati 5,400 ni ampea 23 na zaidi. Waya wake uwe wa milimita 4 za mraba au mnene zaidi, wenye sakiti breka yake peke yake na waya wa ethi uliofungwa kweli. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi kazi hiyo hata kama fundi amesema ni ya muda.

Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo: inachelewa, au inamaliza umeme

Hita ya wati 1,500 inapaswa kuipasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 14 hadi 40 kwa dakika 25 hadi 30. Ikichukua saa nzima, ama volti iko chini ama lebo imekudanganya. Rudi kwenye taa ya mita uihesabu. Ule ukoko mweupe kwenye koili watu huulaumu bure kwa upande wa uniti. Joto lote bado linaishia kwenye maji. Kinachofanywa na ukoko ni kuichosha koili hadi ipasuke, kwa hiyo uondoe kwa siki kwa ajili ya uhai wa hita.

Kingine kinachosumbua vichwa vya watu: je, ni nafuu kuchemsha lita 7 mpaka zifike nyuzi 90 na kuchanganya na lita 13 za baridi, au kupasha ndoo nzima hadi 40? Umeme ni ule ule. Hasara inakuja unapoisahau. Ndoo nzima ikifika nyuzi 95 imekula uniti 1.9, mara tatu ya ilichohitaji, na nusu ya maji hayo yatapoa yakiwa yamesimama. Weka alamu ya simu ya dakika 25. Hilo tu, kwa nyumba yenye wasahaulifu, linaokoa kuliko ushauri wote wa kubadilisha taa.

Zima swichi na chomoa plagi kabla ya kuingiza kidole kupima. Usitumie ndoo ya bati. Na mtoto asitumwe kuitoa.

Hita ya tanki: uniti zinapungua hata wasipooga

Tanki la lita 50 likipashwa kutoka nyuzi 14 hadi 60 linakula uniti 2.7. Likiachwa limewashwa usiku na mchana, linapoteza joto kupitia ganda na mabomba, themostati (swichi inayofuata joto) inaamka na kurudisha, tena na tena. Dawa ni kulizima: liwashe saa moja na nusu au mbili kabla ya kuoga, ogeni mfuatane, zima. Anayesahau afungiwe taima kwenye sakiti yake, ila achague taima inayobeba ampea za hita hiyo.

Gusa bomba la maji ya moto mita moja kutoka kwenye tanki wakati hakuna anayeoga. Likiwa la moto, joto linakimbilia hapo. Livishe sponji ya mabomba inayouzwa na mafundi wa viyoyozi. Usishushe themostati hadi nyuzi 45 kwa kutafuta nafuu. Maji yaliyotuama kwenye joto hilo huzalisha bakteria wa Legionella wanaoshambulia mapafu. Acha 60, punguza saa.

Valvu ya usalama ikidondosha maji wakati tanki linapasha, iache. Maji yakipata moto hutanuka, na tanki la lita 50 linaweza kutema karibu lita moja kila linapopasha. Kudondoka kusikokoma hata likiwa limezimwa ndiko tatizo: valvu imechoka, au presha ya maji ya mtaani ni kubwa mno.

Wenye sola ya maji wana ugonjwa wao. Asubuhi za ukungu, kama za Njombe, kioo kikiwa na vumbi la kiangazi, maji hayapati moto, na hita ya umeme ya akiba iliyomo ndani inafanya kazi yote bila mtu kujua. Osha kioo. Hakikisha kimeelekea kaskazini, kwa sababu Juni na Julai jua liko upande huo kwa Tanzania nzima. Vimefungwa vingi vikitazama kusini kwa kufuata mteremko wa paa tu. Hita ya akiba iwashwe baada ya saa kumi na moja jioni, ukishayapima maji. Ukiiwasha alfajiri, jua linakuta maji yameshapata moto na halina kazi ya kufanya.

Hita ya chumbani inawaka na chumba bado ni baridi

Hita ya wati 2,000 kwa saa nne ni uniti 8 kila usiku. Kwa T1 ni karibu shilingi 2,850, na kwa mwezi ni 85,000. Hakuna aina ya kukuokoa hapo. Ya feni, ya koili nyekundu na ya mafuta zote hugeuza umeme wote kuwa joto, hakuna inayozidi mwenzake. Ya mafuta inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, basi.

Chumba kisichopata joto kina tundu, na la kwanza liko juu. Bati tupu bila silingi hutoa joto lote nje usiku, na hakuna hita ya nyumbani itakayolishinda. Silingi bodi ya vyumba vya kulala tu, si nyumba nzima, ndiyo pesa inayolipa kuliko zote zilizotajwa hapa. La pili ni chini ya mlango: mfuko mwembamba wa kitambaa uliojazwa mchanga, urefu wa mlango, unatosha. Madirisha ya luva hayafungi sawasawa hata yakiwa mapya. Pazia zito lifike sakafuni. Mchana fungua mapazia ya upande wa kaskazini kuanzia saa tatu, yafunge saa kumi na moja kabla ukuta haujaanza kupoa.

Kisha upashe mwili badala ya hewa. Mpira wa maji ya moto wa lita 2 unagharimu uniti 0.15 na unafika nao usiku wa manane. Blanketi la umeme la wati 80 kwa saa nane ni uniti 0.64. Linganisha na 8.

Kichwa kinauma asubuhi, na jiko la mkaa lilikuwa chumbani

Hapa hakuna cha kupima. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaendelea kutoka hata moto ukiwa umefifia na kubaki makaa mekundu yasiyo na moshi. Kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea: toa watu wote nje kwenye hewa, waende hospitali, hata wakisema wamepona. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko lipashe sebule mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho, na litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kulala. Njia hii ya kubana matumizi ya umeme huua familia nzima kwa usiku mmoja.

Gesi: moto umekuwa mdogo na mtungi haujaisha

Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke kuwa mvuke inavuta joto kutoka kwenye chuma. Jikoni kukiwa na baridi, mtungi wa kilo 6 wenye jiko kubwa juu yake hupoa hadi unatoa jasho, na presha inashuka. Watu wengi hurudisha dukani mtungi wenye gesi bado. Upime kwa mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa huo, kinachobaki ni gesi. Uache upumzike nusu saa, au tumia wa kilo 15 ambao haupoi upesi. Usiumwagie maji ya moto wala kuusogeza karibu na moto.

Moto wa njano unaopaka sufuria masizi ni gesi isiyoungua yote. Toa kichwa cha jiko, sugua matundu kwa brashi ya waya, kikauke kabla ya kukirudisha.

Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo sababu maharage yanakaa jikoni nusu siku. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji yanayochemka, kunaongeza mvuke tu. Loweka usiku, tumia presha kuka. Ya umeme ya wati 1,000 mara nyingi haimalizi uniti 1 kwa sufuria ya maharage. Chai ipikwe mara moja na iwekwe kwenye chupa. Jagi la umeme lisilojizima mara nyingi lina mfuniko usiofunga: mvuke haufiki kwenye swichi yake, linaendelea kuchemka hadi mtu alikumbuke.

Friji msimu huu linapaswa kula kidogo. Likiwa kwenye namba 5, lishushe hadi 2 au 3. Ila jikoni kukiwa na baridi sana usiku na nyama iliyo kwenye friza ya juu ikaanza kulainika, rudisha namba juu. Themostati iko kwenye sehemu ya chini ya friji, inahisi baridi ya jikoni na kudhani kazi imekwisha.

Umezima kila kitu na taa ya mita bado inapiga

Kwa mita ya 1000, pigo moja kila dakika kadhaa ni king'amuzi au chaja uliyoisahau. Pigo kila sekunde 10 ni wati 360, uniti 8.6 kwa siku, zaidi ya 250 kwa mwezi. Shusha mein swichi. Ikiendelea kupiga, tatizo liko kati ya mita na swichi, au kuna mtu amejiunganishia hapo; usiguse lakiri, waite TANESCO. Ikinyamaza, tatizo ni la ndani: pandisha mein swichi, shusha sakiti breka zote, kisha pandisha moja moja hadi taa ianze tena.

Sakiti ya hita ya maji ndiyo ya kushukiwa kwanza, hasa kama bomba au koki ya chuma inakutekenya ukiigusa ukiwa na miguu mitupu. Ganda la elementi (koili ya kupashia maji) limepasuka, umeme unapita kwenye maji kwenda ardhini, na mita inauhesabu kama umetumika. Acha breka hiyo chini na pasiwe na mtu anayeoga hapo. Pampu ya kisima na taa za nje zenye waya uliofukiwa zinafuata.

Fundi akija, atoe waya kwenye elementi na apime kwa mega, kifaa cha kupima umeme unaovuja, kati ya elementi na ethi. Chini ya megaomu 1, elementi imekwisha. Inabadilishwa yenyewe, pamoja na gaski yake, na kwa kuwa tanki limeshafunguliwa atoe na tope la chini na kutazama kijiti cha anodi, kinacholiwa na kutu badala ya tanki, kama kimeliwa. Akikuambia ununue tanki jipya kabla hajapima, tafuta mwingine.